Dume bingwa, dume wa jirani, au kaka yake wa tumbo moja?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa Manyara, nimeajiriwa kwenye shamba la kondoo la milimani huku Wales, mwaka wa nne sasa. Nina mbwa jike wangu mwenyewe, Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, ana miaka 3 na nusu. Kwa kuwazunguka kondoo walio mbali hana mfano: anapita mbali nao, anafika nyuma yao bila kuwashtua. Ila akishawakaribia huganda. Hulala chini akawakodolea macho, na kondoo mmoja akimgeukia na kupiga kwato, hasogei mpaka nimwite mara tatu nne. Hata kwa watu ana haya kidogo. Bosi wangu amekubali nimpandishe, na mtoto mmoja nibaki naye. Nimepata madume watatu. Wa kwanza ni bingwa wa mashindano, kila mtu anampelekea jike wake. Yeye na wangu wana babu mmoja. Wa pili ni wa shamba la jirani, hajaingia mashindano hata siku moja, anachunga kondoo na ng'ombe. Mwenyewe kaniambia wazi kwamba kipimo cha DNA kilionyesha anabeba ugonjwa wa macho wa koli, yaani wa mbwa wa jamii ya Collie. Wa tatu ni kaka wa jike wangu, wa tumbo moja, baba tofauti, huyu nimepewa bure. Jike wangu alipimwa macho utotoni akaonekana mzima. Nategemea aingie joto mwanzoni mwa Novemba. Nimpe yupi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua nyingi ninazopata kuhusu jambo hili zinamsifu dume ukurasa mzima, halafu jike anaishia kwenye mstari mmoja: "ni mzuri, anajua kazi". Wewe umeanza na kasoro ya jike wako, tena umeieleza mpaka nimemwona kwa macho yangu amelala kwenye majani. Kwa hiyo kazi yangu imekuwa nyepesi.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Huyo kaka yake mwondoe leo hii. Bingwa ni mbwa mzuri lakini si wa jike huyu. Wa jirani ndiye wako, kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe liko kwenye mate ya jike wako, nitalifikia.

Tuanze na huko kuganda, maana ndiko kunakoamua mambo. Kule kwetu Manyara mbwa wa boma kazi yake ni kubweka fisi akinusa. Kondoo wanamfuata mtoto anayetangulia na fimbo yake anapiga mbinja, na mbwa anajifuatia nyuma kama abiria. Huku mbwa ndiye fimbo. Border Collie anamswaga kondoo kwa namna ya mnyama anayewinda: anainamisha kichwa, ananyata, anamkazia macho. Wachungaji wa huku wanaliita hilo "jicho", na mbwa asiye nalo kabisa inabidi akimbie huku na huko na kubweka ndipo kondoo wasogee. Jicho la kiasi ni neema. Likizidi, windo linaishia katikati: mbwa anafika mahali pa kutazama anabaki hapo hapo, hasongi mbele wala harudi nyuma. Yule anayeganda si mvivu, wala si kwamba hasikii. Ni kama mtu aliyeshikwa na sinema, unamwita jina lake na masikio yanasikia lakini miguu haina habari.

Tena jicho zito likikutana na moyo mdogo ndipo mambo yanakuwa kama unavyoyaeleza. Kondoo wana akili ya kumsoma mbwa kuliko sisi. Yule anayepiga kwato anauliza swali: utakuja au huji? Jike wako anajibu kwa kulala chini, na kondoo ameshaelewa.

Sasa, mambo haya yanarithiwa. Upana wa mzunguko, uzito wa jicho, ujasiri wa kumsogelea mnyama aliyegeuka, kubweka au kunyamaza, haya ya kupita kiasi: yote hayo mbwa huzaliwa nayo kwa sehemu kubwa, mafunzo huyapunguza au kuyachochea tu. Ndiyo sababu dume achaguliwe kwa kumtazama jike. Hakuna dume bora wa jumla, sawa na ambavyo hakuna kiatu bora bila kutaja mguu.

Uzao huu wenyewe ulianza kwa hesabu ya namna hiyo. Mwezi Septemba 1893, Northumberland, huku kaskazini ya Uingereza nilikochungia kondoo nusu ya maisha yangu, Adam Telfer alipata watoto kutoka kwa dume aitwaye Roy na jike aitwaye Meg. Roy alikuwa mbwa mchangamfu wa kawaida, jicho lake jepesi, hana makuu. Meg alikuwa na jicho zito mno, mwenye haya, anajikaza mpaka kazi inamwia ngumu. Nadhani unamtambua huyo Meg, unalala naye nyumba moja. Mtoto wao mmoja aliitwa Hemp. Alikuwa mkimya, mwenye nguvu bila fujo, na kondoo walimtii bila kukurupuka. Alikufa mwaka 1901 akiwa ameacha watoto zaidi ya 200, na Border Collie wengi mno wa leo wanarudi kwake ukifuata nasaba zao. Akaja kuitwa Old Hemp.

Watu wanapenda kuisimulia habari hiyo kama hesabu ya kuchanganya maji: moto kidogo, baridi kidogo, unapata vuguvugu. Mimi naisoma kwa tahadhari. Hemp ndiye anayekumbukwa. Ndugu zake wa mimba ile hawasimuliwi. Watoto wa mbwa hawachanganyiki kama chai na maziwa. Ukimchukua jike wa jicho zito kupita kiasi ukampa dume asiye na jicho kabisa, mkimbiaji wa kubweka, katika watoto sita utapata mmoja kama mama, mmoja kama baba, wawili hawaeleweki, na pengine wawili wa kati uliokuwa unawataka. Ubovu wa upande huu hausahihishwi kwa ubovu wa upande ule. Kinachosaidia ni kumpa jike wa kupindukia dume wa kiasi, ambaye hata wazazi na ndugu zake ni wa kiasi. Na kile kizuri alicho nacho jike, ule mzunguko mpana, kisikosekane kwa dume, kwa sababu usipokilinda kinapotea kwa vizazi viwili tu.

Niliyajua haya kwa kuumia. Miaka hiyo nilikuwa na jike mwenye jicho zito, mzuri wa kutazama akifanya kazi, na nikasikia kuna dume mwenye jicho zito zaidi. Nikaona zuri na zuri litazaa zuri zaidi. Walizaliwa saba. Walipofikisha miezi 10 nikawatoa mmoja mmoja kwenye kondoo, na watano walikuwa sanamu. Mmoja niliweza kumwacha kwenye pembe ya uwanja akiwatazama kondoo watatu, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikamkuta yeye na wale kondoo watatu vile vile. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshawaahidi wachungaji wanne watoto wa mimba ile.

Ndiyo maana bingwa wako namkataa. Sina ugomvi na mashindano. Hapo hapo Wales uliko, kule Bala, ndipo yalipofanyika mashindano ya mwaka 1873 yanayohesabiwa kuwa ya kwanza Uingereza. (Mshindi, kwa taarifa ya bosi wako kama ni Mwelshi wa kujivuna, alikuwa James Thomson, Mskoti aliyehamia huko, na mbwa wake Tweed alitoka Scotland.) Uwanja wa mashindano unaonyesha mengi: mzunguko, namna mbwa anavyowaondoa kondoo waliposimama, mwendo ulionyooka, utii kwa filimbi ya mtu aliye mbali. Ila hauonyeshi yote. Kondoo ni wachache, majani ni makavu, kazi ni ya dakika chache, na mwenye mbwa ni fundi. Fundi anaweza kumsukuma kwa filimbi mbwa anayeanza kuganda kabla mwamuzi hajaona. Mtoto atakayezaliwa atarithi kuganda, filimbi ya fundi hatairithi.

Kwa hiyo kabla ya kuvutiwa na bingwa yeyote, muulize aliyewahi kununua watoto wake, na asiwe mwenye dume. Swali lenyewe ni hili: watoto wake wakikutana na kondoo mkaidi wanafanyaje? Wewe hukusema bingwa huyu ana jicho la namna gani, lakini umesema wana babu mmoja na jike wako, na madume wanaong'ara uwanjani kwa kawaida ni wa jicho. Ukoo ule ule, tabia ile ile. Kasoro ya jike wako ingepata mzazi wa pili.

Kuna sababu nyingine, pana kuliko shamba lenu. Chema chajiuza, na dume bingwa hujiuza mno. Mbwa aitwaye Wiston Cap alizaliwa mwaka 1963, akashinda taji kuu la kimataifa mwaka 1965 akiwa hajazidi miaka 2, na wenye majike kutoka kila upande wakamkimbilia. Alikuwa mbwa wa kweli, sisemi vinginevyo. Matokeo yake ni kwamba leo ukifungua nasaba ya Border Collie wa kazi na kurudi nyuma vizazi vya kutosha, ni nadra kutomkuta, tena mara nyingi yuko upande wa baba na upande wa mama pia. Kila kizazi kikikimbilia dume mmoja, wajukuu wanakosa wa kuoana naye ambaye si ndugu.

Hapo ndipo tunamkuta huyo wa bure. Kuna watu watakuambia damu nzuri irudishiwe damu nzuri, na wafugaji wa zamani walilifanya hilo kwa makusudi, wakijua wanatafuta nini na wakiwa na roho ngumu ya kuwaondoa watoto waliotoka vibaya. Wewe unataka mtoto mmoja wa kufanya naye kazi. Hesabu ni hii. Ukipandisha ndugu wa tumbo moja wenye baba tofauti, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 12.5 kwamba jozi yoyote ya jeni aliyonayo ni nakala mbili za jeni moja ya bibi yule yule. Ndugu wa baba na mama mmoja ni asilimia 25. Wale wenye babu mmoja tu, kama jike wako na bingwa, ni asilimia 3.1, na hiyo ni kwa babu huyo mmoja peke yake, bado hujahesabu mababu wa nyuma wanaojirudia. Kila mbwa, hata mzima kabisa, amebeba jeni mbovu kadhaa zilizolala kwa sababu jeni mwenzake katika kila jozi ni nzima. Ukileta ndugu kwa ndugu unazikutanisha zilizolala. Na usisahau: mama yao ni mmoja. Ile haya na kule kuganda, kama vimetoka kwa mama, huenda na kaka anavyo, awe anavionyesha au amevificha.

Bure ghali, basi. Mwambie mwenyewe ahsante kwa heshima zote.

Tumebaki na wa jirani. Unasema anachunga kondoo na ng'ombe. Hilo peke yake limenifanya nikae vizuri kwenye kiti, kwa sababu mbwa anayeganda hawezi ng'ombe, ng'ombe humjia. Lakini usimchukue kwa maneno, nenda ukamwone, na usiende siku ya jua akiwa ameandaliwa kondoo sita wapole. Nenda siku wanaogesha au wanatenga wa kuuza. Nikuambie nilivyomchagua dume wangu wa mwisho.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, mwenyewe anaingiza kondoo zizini. Kondoo mmoja wa uso mweusi akageuka mlangoni, akashusha kichwa, akapiga kwato, na wengine nyuma yake wakaanza kujazana. Mbwa hakukimbia wala hakubweka. Alisimama. Kisha akainua mguu mmoja akauweka mbele, taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji, halafu wa pili. Macho hayakumtoka yule kondoo. Walipobakiza urefu wa mkono, kondoo akamrukia. Mbwa akamgusa pua kwa meno, tap, akaachia hapo hapo. Kondoo akageuka akaingia, na kundi lote likamfuata. Mbwa akarudi akalala kwenye tope kana kwamba hakuna lililopita, ulimi nje, anamtazama bwana wake. Sikuuliza hata ada ya kupandisha ni kiasi gani.

Kitu cha kutafuta ni hicho: anakwenda mbele bila hasira, anatumia meno mahali pake na kuyaachia, na kazi ikiisha akili inamrudia. Mbwa anayeng'ang'ania paja la kondoo na kuchana sufu si jasiri, ni mwoga aliyepata njia ya kuuficha woga wake, na woga huo unarithiwa kama ule wa kulala chini. Ukiona hivyo kwa dume wa jirani, rudi nyumbani, sahau nilichosema juu.

Mtazame pia akiwa hana kazi. Mwombe jirani aingie ndani akuache na mbwa uani. Je, anakuja kukunusa, au anazunguka nyuma ya trekta? Angusha ndoo ya bati kwa bahati mbaya ya makusudi. Kushtuka si kosa. Kushindwa kurudi katika hali yake ndilo kosa. Jike wako ana haya, kwa hiyo hapa usisamehe hata kidogo. Halafu mwombe amtume mbali, mita 300 au 400 kama mlima unaruhusu, uone kama anazunguka mpana au anakata katikati. Mbwa wengi wa ng'ombe hukata. Akikata sana, unanunua moyo kwa kuuza mzunguko, na hiyo biashara ufikirie mara mbili.

Na uwatazame jamaa zake. Mimi nikiwa na saa moja tu, dakika 20 nampa dume na 40 nawapa mama yake, dada zake na watoto wake kama wapo. Mbwa mmoja mzuri katika ukoo wa kawaida ni bahati, na bahati hairithiwi. Mbwa wa kawaida katika ukoo ambao wote wanafanya kazi, huyo atakuzalia wafanyakazi.

Sasa lile sharti. Jirani amekuambia dume wake anabeba ugonjwa wa macho wa koli. Kwanza mheshimu, wapo ambao wangenyamaza. Ugonjwa huu humpata mtoto aliyerithi jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi moja tu huona kama kawaida maisha yake yote. Huyo ndiye mbebaji. Mbebaji akipandana na asiyebeba, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua, ingawa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji kama mzazi. Wabebaji wawili wakipandana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua.

Kwa hiyo yote yanategemea jike wako, na hapa una kosa dogo katika barua yako. Kupimwa macho utotoni, kwa kawaida kati ya wiki ya 5 na ya 8, kunaonyesha kama jicho lenyewe lina hitilafu. Hakuonyeshi kama anabeba. Jike wako anaweza kuwa na macho mazima kabisa na jeni moja mbovu ndani. Tena kuna wengine ambao hitilafu ilikuwepo, lakini jicho lilipokua rangi ikaifunika, na aliyepima akichelewa akaandika "mzima" wakati mbwa ana jeni mbili. Kipimo cha DNA ndicho kinachomaliza ubishi. Ni usufi wa kusugua ndani ya shavu, unatumwa kwa posta. Fanya wiki hii, usisubiri Oktoba. Majibu yakisema habebi, mpe dume wa jirani bila wasiwasi wa macho. Yakisema anabeba, dume wa jirani ametoka, hata kama ni shujaa kiasi gani, na itabidi umtafute ndugu yake asiyebeba. Katika mimba moja, hata baba akiwa mbebaji, mara nyingi kuna wasiobeba, na huenda jirani anajua walipo.

Watu wengine wakisikia "mbebaji" wanamfukuza mbwa kama mwenye ukoma. Si busara. Tukiwatupa wabebaji wote wa kila ugonjwa, uzao ambao tayari umebanwa na akina Wiston Cap utabaki na madume wa kuhesabu kwa vidole, na magonjwa mengine ambayo bado hayana kipimo yatapanda. Mpe mbebaji jike asiyebeba, halafu kizazi kinachofuata uchague mtoto asiyebeba. Basi.

Kwa usufi huo huo omba wapime na magonjwa mengine ya Border Collie yanayorithiwa kwa njia hiyo hiyo: ule ambao chembe nyeupe za damu zinanaswa kwenye uboho na mtoto anakufa mdogo kwa maambukizi, ule wa ubongo ambao mbwa huanza vizuri, akafika mwaka mmoja na zaidi anabadilika tabia na kuyumba, na kwa kawaida hafikishi miaka 3, na ule wa kushindwa kufyonza vitamini B12. Kifafa hakina kipimo cha DNA cha kutegemea, kwa hiyo ni swali la kuulizwa ana kwa ana kuhusu dume, ndugu zake na watoto wake, ukimtazama mtu usoni anapojibu. Nyonga zipigwe eksirei, za wote wawili. Huku Uingereza zinapewa alama kuanzia 0 hadi 106 kwa nyonga zote mbili, na ndogo ndiyo nzuri. Mbwa wa mlimani mwenye nyonga mbovu anastaafu mapema, na wewe ndiye utakayembeba.

Rangi usihangaike nayo. Angalizo ni moja tu: yule wa madoadoa ya kijivu yaliyomwagika kama rangi kwenye maji asipandane na mwenzake wa madoadoa hayo, maana kwa wastani robo ya watoto watapata dozi mbili za jeni ya madoadoa hayo, na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au vipofu. Hukutaja rangi, kwa hiyo nadhani hata halikuhusu.

Kuhusu wakati, Novemba ni nzuri kuliko ulivyofikiri. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Akipandwa mwanzoni mwa Novemba atazaa mwanzoni mwa Januari, na watoto watafikisha wiki 8 mwanzoni mwa Machi. Na ninyi huko milimani madume ya kondoo mnayaachia majike wakati huo huo, nadhani, ili kwa mimba ya kondoo ya siku 147 muanze kuzalisha mwanzoni mwa Aprili. Jike wako atakuwa amerudi kazini na mwezi wa kujipasha moto. Angeingia joto Januari ningekuambia uache mpaka mzunguko ujao, kwa sababu hakuna bosi atakayekuelewa ukimwambia Aprili kwamba mbwa ananyonyesha. Kuanzia wiki ya 6 ya mimba asikimbie mlima, na usimruhusu kuruka mageti.

Siku za kupandisha zinakuwa kati ya siku ya 10 na ya 14 tangu damu ionekane, kwa wengi. Kwa wengi, si kwa wote. Jike mwenye haya anaweza kumkataa dume siku ambayo mwili uko tayari, au akamkubali mapema mno. Daktari wa mifugo akimpima homoni ya projesteroni kwenye damu utajua siku yenyewe, na utamwokolea jirani safari tatu za bure. Mpeleke jike kwa dume, si dume kwa jike; dume akiwa kwake hana aibu. Wakishafungana, yaani wakinasana wakati wa kupandana, waache, dakika 10, 20, hata 30. Mshike kichwa jike wako umsemeshe asijaribu kujivuta.

Kuhusu yule mtoto utakayebaki naye, usimchague akiwa na wiki 8 kwa sababu alikuja kwako wa kwanza mbio. Ongea na bosi ubaki na wawili mpaka miezi 10 hivi, wale ambao kwa watu wana uchangamfu wa baba. Mtoe kila mmoja peke yake kwa kondoo wachache. Unayemtaka ni yule atakayewazunguka bila kufundishwa, akafika nyuma akasimama kidogo, halafu kondoo akimgeukia akaongeza hatua, hata ikiwa moja. Mwingine utamuuza kwa bei ya mbwa aliyekwisha kuonja kazi, ambayo ni nzuri kuliko ya mtoto wa wiki 8, na gharama ya chakula itarudi.

Na wanunuzi wa waliobaki, chukua namba zao za simu. Wapigie mwakani, wapigie tena mwaka wa pili, uwaulize watoto wanafanyaje kazi, hasa mlangoni pa zizi. Ukisikia wanne kati ya sita wanasonga mbele, mrudishe jike kwa dume yule yule. Ukisikia wanalala chini, niandikie tena, na safari hiyo nitakuuliza habari za baba yake jike wako, ambaye katika barua yako yote hukumtaja.